Mstari Ulioanza na Reli

Chombo chenyewe hakizidi kitabu cha sala:
ubao wa kijani, vijitaa vitatu, matundu matatu ya nyaya,
na moshi wa miaka tisa, maana Gocha alikiweka
juu ya kabati la jibini.
Pana joto, alisema, na panya hawapandi.

Tangu Februari ilipomchukua, theluji ikianguka
mtandao nao unaanguka.
Nyumba kumi na saba zinanitazama mimi,
utadhani mjane hurithi na nywila.

Lekso amepanda kutoka Mestia na mkoba wa nyaya.
Umri wake kumi na tisa, subira yake sitini.
"Shangazi Mzevinar, tutapakia Linux mpya,
ndogo, iliyoshonewa vidude kama hiki."
Na ile ya zamani itakwenda wapi?
"Haiendi popote. Mpya inaandikwa juu yake."

Akachomeka waya wa mazungumzo, nyuzi tatu:
wa kusema, wa kusikia, wa ardhi.
Kioo kikabaki cheusi.
Chai ikapoa, kioo bado cheusi.
Kisha akajipiga kofi la paji:
alikuwa ameunganisha mdomo kwa mdomo.
Akageuza, mdomo kwa sikio,
nami nikacheka hadi nikashika meza,
maana hivyo ndivyo tulivyoishi na Gocha mwaka wa kwanza.

Zikaja takataka. Alama za kuuliza, herufi zilizovunjika miguu,
redio iliyokwama kati ya stesheni mbili.
"Kasi," akasema Lekso. "Tunasikiliza haraka kuliko inavyosema."
Nikapindua kasha. Chini yake, kwa penseli:
elfu thelathini na nane, mia nne.
Ile nne ya Gocha, kiti kilichoanguka chali.
Lekso akashusha kasi,
na chombo kikaanza kutamka maneno mazima.

Kikaomba nywila.
Hatukuwa nayo.
Lakini kadi ikichomolewa haimuulizi mtu kitu,
na Lekso akaisomea kwenye kompyuta yake,
faili la ngome, nani apite, nani azuiwe,
kwa Kijojia kilichovishwa herufi za Kilatini:
shule ipite kwanza, kabla ya wote.
Kamera ya zizi la Tsiuri, ipite.
Saa nne usiku, nyumba zote zipunguziwe.
Zote.
Halafu mstari ulioanza na ile alama ya reli:

# Mzevinar huongea na Keto mpaka usiku. usiguse.

Binti yetu yuko Thesaloniki, anatunza vikongwe vya watu,
hupumzika saa tano.
Na kila saa tano Gocha alinung'unika toka kitandani:
kijiji kimelala, wewe peke yako unakula mtandao!
Miaka tisa ya manung'uniko.

"Huo mashine huuruka," Lekso akaniambia.
"Ukianza na reli, kwake ni kama haupo."
Basi uliandikiwa nani?
Lekso akainuka kuongeza kuni
jikoni ambamo kuni zilikuwa tele.

Amri ni mstari mmoja tu.
Herufi moja ikikosewa, unafuta kompyuta yako mwenyewe badala ya kadi;
akaisoma mara tatu, kama asomaye chupa ya dawa.
Nikasema, bonyeza.
Tarakimu zikapanda. Sikuangalia mpaka mwisho,
nilikuwa na unga wa kukanda.

Kadi ikarudi mahali pake. Kijitaa cha kwanza, cha pili.
Cha tatu kikasitasita, kikawaka.
Lekso akaandika ngome upya, shule kwanza,
akaniuliza nywila, nikaichagua, na sikwambii.
Kisha nikaomba kibodi.
Kwa kidole kimoja chenye unga nikatafuta reli,
nikaipata juu ya tatu:

# kaa juu ya kabati. panya hawapandi.

"Shangazi, huo hautafanya kazi yoyote."
Najua, mwanangu.

Nje Tsiuri anapiga kelele kuvuka theluji
kwamba ng'ombe wake wameonekana, wote wanne,
na mmoja anakula kofia ya mumewe.